Kujenga kigeuzi cha sauti cha daraja la juu ukiwa Lamu: anza na umeme, chipu ije baadaye

Wanaokuja karakanani kwangu wakitaka kujenga kigeuzi cha sauti, yaani DAC, kifaa kinachogeuza namba za kompyuta kuwa sauti, huanza na swali lilelile: nitumie chipu gani? Nitakujibu mapema ili tulimalize. Tumia PCM1794A ya Texas Instruments. Ni ya stirio, inapokea biti 24 na hadi sampuli 192,000 kwa sekunde, na haitaki programu yoyote, kwa kuwa mipangilio yake yote hufanywa kwa kuunganisha pini. Waraka wake wa kiufundi unasema kwamba ikitolewa volti 2, kati ya sauti yake kubwa kabisa na kelele yake yenyewe kuna desibeli 127. Basi. Iache ndani ya mfuko wake, ifungie kabatini, na usiiguse mpaka hatua ya sita.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza kinyume. Kigeuzi changu cha kwanza nilikijenga kwenye chumba cha juu cha nyumba yetu, mtaa wa Mkomani, kwa ajili ya kaseti za harusi alizoacha bibi yangu. Nilikuwa nimeshazihamisha kwenye kompyuta: udi, matari, sauti za kina mama waliokwisha kwenda mbele ya haki. Pesa zangu zote ziliishia kwenye chipu, kisha nikailisha umeme wa chaja ya simu. Chini ya udi kukawa na mvumo, na ule mguso wa kwanza wa ukucha kwenye uzi haukusikika kabisa. Miezi mitatu baadaye nilibadilisha umeme peke yake, chipu ikabaki ileile, na kile chombo kikawa kingine. Tangu siku hiyo naamini kwamba kigeuzi ni vile vitu vinavyoizunguka chipu, na mwongozo huu umepangwa kwa mtazamo huo.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kutokana na kazi ya Sony na Philips, sauti imeandikwa kama namba 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande, na kila namba ni ngazi moja kati ya 65,536. Kigeuzi hupokea namba hizo na kutoa volti. Mambo mawili lazima yawe sahihi: volti yenyewe, na wakati inapotoka. Umeme na ardhi, yaani njia ya pamoja ambayo mkondo hurudia, vinalinda la kwanza. Saa ya saketi inalinda la pili.

Sasa tazama udogo wa tunachokilinda. Desibeli 127 chini ya volti 2 ni takriban maikrovolti 0.9. Rezista, kile kijiti kinachozuia mkondo, ikiwa ya kilo-ohmu 1 na imekaa tu mezani bila kufanya lolote, joto la chumba peke yake linaifanya itoe kelele ya karibu maikrovolti 0.58 ndani ya masafa ya kusikika. Chaja ya simu hutoa takataka za milivolti nyingi. Hesabu hii ingenifikia kabla sijanunua kitu, nisingepoteza miezi mitatu.

Hatua ya 1: Chora mpango na uagize vifaa

Chukua karatasi, chora sanduku lililogawanywa vyumba vitatu. Chumba cha kwanza, kwenye kona moja, ni umeme wa ukutani na transfoma. Cha pili ni upande mchafu: USB na kila kinachogusana na kompyuta au simu. Cha tatu, mbali kabisa na transfoma, ni upande safi: saa, chipu, na hatua ya kutoa sauti. Mchoro huu usiuvunje hata ukibanwa na nafasi, afadhali ununue sanduku kubwa zaidi.

Nunua chipu, opampu (chipu ndogo za kukuza ishara) na reguleta (zinazotuliza volti zisiyumbe) kwa wasambazaji walioidhinishwa na watengenezaji. Chipu za bandia za sauti ni nyingi, na nyingine hufanya kazi kiasi cha kukudanganya kwa mwaka mzima. Agiza ziada ya kila kitu kidogo. Mzigo wetu hufika Mombasa, ukapanda basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti. Ukikosa kapasita moja, kile kijidude cha kuhifadhi chaji, ya shilingi ishirini, kazi inasimama wiki mbili.

Hatua ya 2: Umeme

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Fundi wa Matondoni haanzi jahazi kwa kupaka rangi tanga, huanza na mkuku, na mkuku wa kigeuzi ni huu.

Tumia transfoma mbili za duara, zile zinazozungushiwa waya kwenye pete ya chuma, kwa sababu sumaku yake haisambai sana. Ya kwanza iwe ya volti 15 mara mbili, kwa ajili ya opampu. Ya pili iwe ya volti 9, kwa ajili ya chipu, saa na upande wa dijitali. Usiruhusu moja ifanye kazi zote mbili.

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, kwa maandishi. Jioni za joto, feni na friji zote zikiwaka mtaani, nimeshapima volti 205 kwenye soketi ya chumbani kwangu. Piga hesabu kwa 205, usipige kwa 240. Transfoma ya volti 15 itatoa karibu 12.8, ikipita kwenye diodi na kujaza kapasita inakuwa kama volti 16.7. Kapasita ya maikrofaradi 2,200 ikitoa miliampea 100 inayumba kwa karibu volti 0.45 mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye bonde la wimbi unabaki na 16.2. Ukitaka reguleta ikupe volti 15, imebakiwa na nafasi ya volti 1.2 tu, nayo LM317, reguleta ya kawaida, haiwezi kufanya kazi kwa nafasi hiyo. Mvumo utapita moja kwa moja hadi kwenye spika, na utakuja jioni peke yake, asubuhi huusikii. Kwa sababu hiyo mimi huweka opampu kwenye volti 12 chanya na 12 hasi ingawa michoro mingi ya mitandaoni inasema 15. Inatosha, na tutaona kwa nini kwenye hatua ya saba.

Kwa opampu, LM317 na mwenzake wa upande wa hasi, LM337, zinatosha kabisa. Opampu nzuri yenyewe hukataa kelele ya umeme wake, basi usimwage pesa hapo. Pesa zipeleke kwenye volti 5 za upande wa analogi wa chipu na kwenye volti 3.3 za saa. LM317 ikitoa volti 5 huwa na kelele ya karibu maikrovolti 150. LT3045, reguleta iliyo tulivu zaidi, hutoa maikrovolti 0.8. Hiyo ni tofauti ya karibu mara 190, na kwenye pini inayolisha upande wa chipu unaotengeneza muziki, kelele ya reguleta inageuka kuwa kelele ya muziki. Weka LM317 kwanza ishushe hadi volti 7, kisha LT3045 tatu zifuatane nayo, kila moja na kazi yake: volti 5 za analogi ya chipu, volti 3.3 za saa, volti 3.3 za dijitali ya chipu. LT3045 ina bamba la shaba chini ya tumbo ambalo ni gumu kulehemu kwa mkono, kwa hiyo ukiona bodi ndogo zilizokwisha kulehemiwa, nunua hizo bila kuona haya.

Usalama, na hili silisemi kwa kupitisha maneno. Fyuzi ya kuchelewa ya miliampea 315 iwe kwenye waya wa moto kabla ya swichi. Waya wa ardhi wa ukutani ufungwe kwenye sanduku la chuma kwa skrubu yake peke yake, ukiwa umekwangua rangi chini yake. Kila mahali penye volti 240 pavikwe mpira. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme wa ukutani, mwite fundi umeme akae nawe siku hiyo.

Hatua ya 3: Saa

Saa ya saketi ni kristali inayotetemeka na kuiambia chipu: sasa, sasa, sasa. Unahitaji mbili. Moja ya megahezi 22.5792, ambayo ni 44,100 mara 512, kwa muziki wa CD na jamaa zake. Nyingine ya megahezi 24.576, ambayo ni 48,000 mara 512, kwa sauti za video na rekodi za studio. Moja ikifanya kazi, nyingine izimwe kabisa kwa pini yake ya ruhusa, maana zikiwaka pamoja zinaambukizana.

Wauzaji hupenda kutaja usahihi wa saa kwa sehemu ngapi katika milioni. Usishughulike nao. Kosa la sehemu 50 katika milioni ni asilimia 0.005; hakuna mpiga udi duniani atakayesikia kwamba uzi umepanda kiasi hicho. Kinachoharibu muziki ni kutetereka: pigo hili kuwahi kidogo, lile kuchelewa kidogo. Mafundi hukuita kutetereka huko jita. Kwa sauti ya kilohezi 20 na biti 16, saa ikitetereka zaidi ya pikosekunde 121 inaanza kula ngazi ya mwisho. Ukitaka kufika desibeli 120, unahitaji pikosekunde 8 hivi. Katika muda huo mwanga wenyewe unasafiri milimita 2.4 tu.

Kwa hiyo ukisoma waraka wa saa, tafuta jedwali la kelele ya awamu, yaani kutetereka huko kukiwa kumepimwa kwa masafa, na utazame namba iliyo karibu kabisa na masafa yenyewe, ile ya hezi 10. Kadiri inavyokuwa chini ndivyo bora. Ukikuta waraka hauitaji namba hiyo, achana na saa hiyo.

Kisha iweke mahali pake. Wengi huweka saa kwenye bodi ya USB, upande mchafu, na kuvuta waya mrefu hadi kwenye chipu. Ni makosa. Saa ikae sentimita 2 kutoka kwenye pini ya chipu, upande safi, ikila umeme wa LT3045 yake, na rezista ya ohmu 33 iwe mdomoni mwake, inapotokea ishara, ili wimbi lisirudi nyuma likagongana na linalokuja. Kisha kutoka hapo ndipo nakala ya saa ipelekwe kwenye bodi ya USB. Chipu ndiyo inayopaswa kuwa karibu na chanzo, kompyuta ifuate.

Hatua ya 4: Kuingiza data

Nunua bodi ya USB iliyo tayari, yenye prosesa ya XMOS, na hakikisha mambo mawili kabla ya kulipa: inafanya kazi kwa mtindo wa asinkroni, ambapo kigeuzi ndicho kinachoiambia kompyuta ilete data kwa kasi gani, na inakubali saa kutoka nje. Kompyuta na simu nyingi za sasa zitaielewa. Kuitengeneza mwenyewe hakukupi sauti bora hata chembe.

Bodi hiyo hutoa data kwa utaratibu wa I2S, uliowekwa na Philips mwaka 1986: waya wa mapigo ya biti, waya wa kushoto na kulia, na waya wa data. Kati ya upande mchafu na upande safi weka chipu ya kutenganisha, inayopitisha ishara bila nyaya kugusana. Kelele za kompyuta haziji kwa waya wa data peke yake, huja zaidi kwa waya wa ardhi, na utenganisho unaukata. Ila utenganisho wenyewe unaongeza jita kidogo, basi baada yake, upande safi, pitisha ishara zote tatu kwenye flip-flopu zinazopigwa na saa yako safi. Data inasubiri mlangoni, saa inapiga, zote zinaingia kwa pamoja.

Hatua ya 5: Bodi na ardhi

Bodi iwe ya matabaka manne. Tabaka la pili liwe ardhi tupu, shaba kutoka ukingo hadi ukingo, bila mkato wowote.

Najua utakutana na michoro inayogawa ardhi ya dijitali na ya analogi kwa mfereji katikati. Nimeijaribu. Mkondo wa masafa ya juu ukienda kwa waya wa juu hupenda kurudi kwenye shaba iliyo chini yake hasa. Ukikata shaba hiyo, mkondo unakuwa kama punda mwenye mzigo aliyekuta kichochoro kimezibwa: atazunguka mtaa mzima, na kila mlango atakaopita utamsikia. Ardhi iwe moja, na utenganishe kwa kupanga vitu mahali pake, dijitali huku, analogi kule, bila waya wa mmoja kupita juu ya eneo la mwenzake.

Kila pini ya umeme ipate kapasita ya nanofaradi 100 isiyozidi milimita 3 kutoka ilipo. Kwa kazi hiyo kapasita ya seramiki ya aina ya X7R inafaa. Ila mahali popote sauti inapopita, X7R ni haramu, kwani ukubwa wake hubadilika volti inapobadilika, na mabadiliko hayo ni upotoshaji wa sauti. Huko tumia seramiki ya C0G au kapasita ya filamu.

Hatua ya 6: Chipu

Sasa itoe kabatini. Ina pini 28, na kutoka pini hadi pini ni milimita 0.65. Paka flaksi, ile dawa inayosaidia risasi ya kulehemu ishike, shikiza pini mbili za kona kwanza, tazama kwa kioo cha kukuza kama zote zimelala juu ya shaba yake, ndipo uendelee. Fuata jedwali la mipangilio la waraka, uchague I2S.

Pini moja ya kuiheshimu ni ya rejea, IREF, inayoshushwa ardhini kwa rezista ya kilo-ohmu 10. Rezista hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa mkondo wote unaotoka. Iwe ya filamu ya metali, asilimia 0.1, na isipitiwe na waya wowote wa dijitali.

Wapo watakaokuuliza kwa nini usitumie ngazi ya rezista, ule mtindo wa zamani wa R-2R, wenye sauti inayopendwa sana. Siwapingi wanaoupenda. Lakini kwa biti 16, rezista ya juu kabisa kwenye ngazi inatakiwa ilingane na wenzake kwa karibu sehemu moja katika 65,536, yaani asilimia 0.0015. Rezista za asilimia 0.1 unazoweza kununua ziko mbali mno na hapo. Philips walipotengeneza TDA1541 miaka ya 1980 ilibidi wazungushe vyanzo vya mkondo zamu kwa zamu ndani ya chipu ili makosa yao yajisawazishe. Si kazi ya kigeuzi cha kwanza.

Hatua ya 7: Kutoka mkondo hadi volti

Kigeuzi hupata tabia yake hapa, na makosa mengi ninayoletewa karakanani huwa hapa pia.

PCM1794A haitoi volti, hutoa mkondo, kwenye nyaya nne: kushoto chanya na hasi, kulia chanya na hasi. Kila waya unayumba kwa miliampea 7.8 kutoka kilele hadi bonde, ukizunguka katikati ya miliampea 6.2. Kila waya unaingia kwenye opampu yake, ambayo ina rezista ya ohmu 750 na kapasita ya nanofaradi 2.2 kutoka mdomoni hadi kwenye mlango wake wa hasi. Mkondo ukipita hapo unakuwa volti: 7.8 mara 750 ni volti 5.85, kilele hadi bonde. Katikati yake inakaa volti 4.65 chini ya sifuri, na kwenye ncha kabisa inafika karibu 7.6 chini ya sifuri. Ndiyo maana nilisema volti 12 zinatosha: kutoka 7.6 hadi 12 bado pana nafasi ya kupumua. Ukilisha opampu kwa volti 9, kama nilivyoona mtu mmoja akifanya, kilele cha kila sauti kubwa kitakatwa.

Kisha opampu ya pili inatoa tofauti kati ya chanya na hasi. Hapa rezista za kuingilia ni ohmu 560 na za kurudisha ni 270, kila moja ya 270 ikiwa na kapasita ya nanofaradi 5.6 ubavuni. Zile volti 4.65 zipo pande zote mbili, basi zinafutana, na kilichobaki ni muziki wa volti 2, kiwango ambacho amplifaya yoyote inakitarajia. Kapasita hizo na zile za nanofaradi 2.2 zinachuja mabaki ya masafa ya juu yasiyo ya muziki. Kwenye kilohezi 20 zinapunguza theluthi moja tu ya desibeli.

Zingatia neno zinafutana. Zinafutana iwapo rezista za opampu hii ya pili zinalingana. Ukitumia za asilimia 1, kwa bahati mbaya kabisa unaweza kubaki na milivolti 60 za DC, yaani volti tuli zisizo muziki, kwenye soketi. Za asilimia 0.1 zinakuacha na 6. Tofauti ya bei kwa kigeuzi kizima haifiki bei ya samaki mmoja wa maana sokoni, basi usibane hapo.

Na kwa nini rezista ndogo namna hiyo, ohmu mia mbili na mia tano? Kumbuka ile ya kilo-ohmu 1 mezani. Kadiri rezista inavyokuwa kubwa ndivyo kelele yake ya joto inavyopanda. Lakini ukiishusha mno, opampu inachoka kuisukuma. Namba hizi ndizo katikati ya mambo hayo mawili.

Opampu gani? NE5534 inafaa sana, ni rahisi, na ni ya kitambo. Usisahau kapasita yake ya pikofaradi 22 kati ya pini 5 na 8, la sivyo itajipigia kelele yenyewe kwa masafa usiyoyasikia na utashangaa kwa nini ina moto. Ukiwa na uwezo, OPA1612 ni tulivu zaidi. Kubadilisha opampu kila wiki ukitafuta sauti mpya sikushauri, kwani tofauti ya mpangilio wa bodi ni kubwa kuliko tofauti kati ya opampu mbili nzuri.

Mwisho wa njia weka rezista ya ohmu 100 kwa kila upande, kisha rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayofunga sauti ardhini kwa sekunde chache unapowasha na mara unapozima, ili spika zisipigwe.

Hatua ya 8: Kuwasha

Usichomeke ukutani moja kwa moja. Unganisha balbu ya waya, ile ya kizamani ya wati 60, ifuatane na waya wa moto. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna waya umegusana. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea.

Kabla chipu haijaunganishwa na umeme, pima kila reguleta ikiwa na mzigo: rezista ya ohmu 100 ya nusu wati kwenye volti 5 itakula miliampea 50. Zote zikiwa sawa, ndipo unganisha. Pima DC kwenye soketi za kutolea. Ikizidi milivolti 10, rudi kwenye rezista za hatua ya saba.

Hatua ya 9: Kupima, halafu kusikiliza

Programu ya kupima sauti iitwayo REW ni ya bure. Pamoja na kifaa cha kurekodia chenye mlango mzuri wa kuingizia, inatosha. Kwanza unganisha kifaa na chenyewe uone kelele yake, usije ukakilaumu kigeuzi kwa kosa lisilo lake. Kisha cheza sauti ya kilohezi 1 kwa nguvu kamili, na tena ikiwa chini kwa desibeli 60. Tazama vilima kwenye hezi 50 na 100. Cha 50 mara nyingi ni transfoma iliyo karibu mno au ardhi iliyozunguka. Cha 100 ni reguleta iliyoishiwa na nafasi. Pima asubuhi, na upime tena jioni saa mbili usiku feni zikiwaka.

Kwa saa, cheza sauti ya hezi 11,025 yenye biti ya mwisho inayogeuka-geuka, kipimo alichobuni mhandisi wa sauti Julian Dunn. Ukiona mlima mmoja mwembamba, saa yako ni nzuri. Ukiona watoto wawili wamesimama kulia na kushoto kwa umbali sawa, hiyo ndiyo jita, rudi hatua ya tatu.

Ukilinganisha na kigeuzi kingine, sawazisha sauti zao kwa mita kwanza, hadi desibeli 0.1, yaani kama milivolti 23 katika volti 2. Sikio humpenda mwenye sauti kubwa, hata awe mbovu.

Halafu sikiliza unachokijua. Mimi niliweka ile kaseti ya harusi. Shangazi yangu alikuwa ameketi dirishani akichambua mchicha, na kabla udi haujaingia akainua kichwa. Akaniambia, "Mwanangu, huyo aliyesema bismillahi ni ami yako." Kwenye kigeuzi cha kwanza neno hilo lilikuwa chini ya mvumo, halikusikika hata mara moja. Nilirudisha nyuma, tukalisikiliza tena.

Hatua ya 10: Chumvi

Hatua hii hutaikuta kwenye miongozo ya Ulaya, na kwetu ndiyo inayoamua kama chombo kitafika mwaka wa tatu. Chumvi inayoletwa na upepo hukaa juu ya kila kitu. Ikiwa kavu haina neno, lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji na kuwa utando unaopitisha umeme. Utando huo ukikaa kati ya pini mbili za opampu, kelele inarudi taratibu, na hutajua imetoka wapi.

Baada ya vipimo vyote, si kabla, safisha mabaki ya flaksi kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, mara mbili, na uache bodi ikauke siku nzima. Ziba soketi na rilei kwa utepe, kisha pulizia vanishi ya akriliki ya kukinga bodi, tabaka jembamba mara mbili. Soketi za sauti ziwe zimepakwa dhahabu. Zile za rangi ya fedha tu zitaota kijani kabla ya mwaka kuisha.

Sanduku liwe la alumini nene, lisilo na matundu. Kigeuzi hiki hakili wati nyingi, na alumini yenyewe itatoa joto. Ukitaka uzuri, mwambie seremala akuvalishe mbao za mvule au mkangazi zenye nakshi kwa nje, ila ndani alumini ibaki, maana mbao hazizuii mawimbi ya redio. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini huliwa. Weka washa za nailoni, na pale penye skrubu ya ardhi paka grisi baada ya kukaza.

Tia ndani mfuko wa silika, ile inayobadilika rangi ikishiba maji. Andika tarehe kwa kalamu upande wa ndani wa kifuniko. Mimi hufungua mara mbili kwa mwaka, kaskazi inapokwisha na kusi inapoanza kutulia, nikakausha silika kwa moto mdogo kwenye kikaango, nikapangusa soketi, nikafunga tena.